Wakili wa kupewa na mahakama: nyie mnaosema "kauzwa", mmemponza mdogo wangu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe lugha.

Mdogo wangu ana kesi ya wizi. Uwezo wa kuweka wakili hatuna, mahakama ikampangia mmoja. Sehemu yenyewe ndogo, wakili huyo kila mtu anamjua na kila mtu ana hadithi yake. Hata jalada hajalifungua, watu walishamaliza: dogo kauzwa, huyo wakili ni wa bure, yeye na waendesha mashtaka ni wao kwa wao, kaletwa amlainishe kijana akiri kosa kesi iishe. Mama mmoja jirani akamvuta dogo pembeni, tena kwa nia njema kabisa: "Mwanangu, usimwambie yote. Ukimwambia asubuhi, jioni wenzake wameshajua."

Dogo akasikia la mkubwa.

Usiku wa tukio alikuwa kwingine, na mtu aliyekuwa naye yupo. Wakili alimuuliza mara mbili, ulikuwa wapi, na nani? Mara zote mbili akajibu, "Nyumbani, peke yangu." Aliogopa akimtaja yule mtu, atafuatwa na kutishwa kabla ya kufika mahakamani. Siku ya shahidi wa kwanza wa mashtaka, wakili akasimama, maswali matatu, akakaa. Nilikuwa benchi la nyuma nikimwona anageuza karatasi ileile huku na huku. Angeuliza nini? Alichokuwa anakihitaji hakikuwemo mle, kwa sababu sisi wenyewe tulimficha. Kutoka nje, nyie mkatupokea: "Si tulisema? Maswali matatu tu!"

Mlisema, ndiyo. Na mlichokisema ndicho kilichomfunga wakili mdomo.

Halafu hili jina la "wakili wa serikali" mnalompachika, nani aliwafundisha? Wakili wa serikali ni yule anayekushtaki! Huyu wa kupangiwa yuko upande wako. Analipwa na umma, sawa, lakini siri ya mteja inambana kama inavyombana wakili unayemlipa kutoka mfukoni mwako. Akiitoa anaweza kupoteza leseni. Mtu ameitwa wakili wa serikali mwaka mzima, unategemea mshtakiwa amwamini?

Simsafishi wakili, msinielewe vibaya. Mara ya kwanza alikutana na dogo koridoni, wamesimama, jalada liko kwapani, akamwita kwa jina la mshtakiwa mwingine. Dakika chache baadaye tukamwona mlangoni anacheka na mwendesha mashtaka. Nilikereka sana, na siku nikipata nafasi nitamwambia. Mawakili wa aina hii wanapewa kesi nyingi kwa malipo madogo, hilo naelewa, ila jina la mtu si kitu cha kukosea.

Lakini hebu tuambizane ukweli kuhusu kile kicheko. Wakili wa kulipwa akicheka na mwendesha mashtaka, mnasema "huyo ana watu", na mnapanga foleni ofisini kwake. Wa kupewa akicheka naye, kauzwa mtu. Na kichekesho ni kwamba wakili mwenyewe ni huyohuyo! Sehemu ndogo mawakili wanahesabika. Aliyepangiwa dogo ndiye aliyelipwa na familia moja ya hapahapa kwenye kesi yao ya ardhi, akasifiwa kila kona. Kwa hiyo akili anakuwa nazo akilipwa na nyie tu?

Kuna kesi ya Clarence Gideon kule Marekani, isomeni. Mwaka 1961 alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa pool huko Florida, akaomba wakili, akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani akaandika kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu, na mwaka 1963 ikaamua kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Kesi iliporudi, walikuja mawakili kutoka mji mkubwa, akawakataa. Akamtaka wakili wa palepale, Fred Turner, na mahakama ikampangia huyo. Turner aliwajua watu wa eneo lake, akambana shahidi mkuu mpaka maelezo yake yakayumba, na Gideon akaachiwa. Huko kujuana mnakoona ni ubaya ndiko kulikomtoa.

Baada ya siku ile dogo aliniambia ukweli wote, tukaenda wote wawili kwa wakili. Hakufoka. Alivua miwani, akanyamaza kidogo, akasema: "Hili nilikuwa nalihitaji siku ya kwanza." Akatueleza kwamba hoja ya "nilikuwa mahali pengine" ikichelewa kutolewa, mahakama huitazama kwa jicho la shaka, inaonekana imetungwa baadaye. Maswali ambayo angemuuliza shahidi wa kwanza yamempita, labda mahakama ikubali kumwita tena. Ataomba.

Sasa shahidi wetu naye anasita. Jana kaniuliza kama ni kweli wakili atampeleka jina lake upande wa pili akimpa maelezo. Nikamuuliza kasikia wapi. Akasema, "Kila mtu anasema."

Huyo "kila mtu" yumo humu, nawajua angalau wawili. Njooni hapa mseme ni lini, kesi gani, aliyeuzwa ni nani. Kama hamna, kamwambieni shahidi wetu wenyewe kwamba mlikuwa mnabahatisha. Utetezi unaanza wiki ijayo.