Mililita ngapi kwenye ventileta (mashine ya kupumulia)?

Swali: Jamani wa ICU hapa Mombasa, mama mwenye ARDS (mapafu yamevimba ghafla, oksijeni haipiti vizuri), urefu sentimita 160, kilo 95. Nimpe pumzi ya mililita ngapi?

Jibu: Achana na mizani, sista, mapafu hayanenepi. Pima urefu kwa utepe, upate uzito unaolingana na urefu wake: 45.5 + 0.91 × (160 − 152.4) = kilo 52.4. Mara mililita 6 kwa kila kilo, ni mililita 314 hivi. Kwa 95 ungempa 570, umuumize mapafu. Utafiti wa Marekani wa 2000: vifo 31% kwa mililita 6 kwa kilo, karibu 40% kwa 12.

Jibu: Kwa mwanamume, hesabu ianze na 50 badala ya 45.5. Kisha sitisha pumzi ikishaingia, usome presha; ikipita sentimita 30 za maji, shuka polepole hadi mililita 4 kwa kilo, uongeze kasi ya pumzi. Kaboni dioksidi itapanda, vumilia, bora pH ya damu (kipimo cha asidi) isishuke chini ya 7.15.

Aliyeuliza: Shukran. Kumlaza kifudifudi je?

Jibu: PaO2/FiO2 (presha ya oksijeni kwenye damu ukigawa kwa sehemu ya oksijeni anayovuta) ikiwa chini ya 150, saa 16 mfululizo. Mmoja ashike kichwa na bomba la kupumulia tu, maana hung'oka mkigeuza.