Tupeane uzoefu: mfanyakazi wa shule anapohisi mtoto anafanyiwa ukatili

Mleta mada (mwalimu wa malezi, Temeke)
Walimu na wafanyakazi wenzangu wa shule za Dar es Salaam, naomba tupeane uzoefu kuhusu dalili tunazoziona kwa watoto na hatua tunazochukua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo, katika madarasa yetu yaliyojaa, anayesema hajawahi kufundisha mtoto wa namna hiyo huenda hakumtambua tu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mpishi na mlinzi wa shule nao ni wanajamii.

Mwalimu wa darasa la tatu, Mbagala
Asante, mwalimu. Nilikuwa na binti aliyependa kusoma kwa sauti, kisha akaanza kusinzia darasani, kujitenga wakati wa mapumziko na kuchelewesha kwa makusudi kufunga mkoba wake kengele ya kwenda nyumbani inapolia. Hakuwa na jeraha lolote. Niliandika kila nilichokiona pamoja na tarehe, na siku alipoamua kusema nilimsikiliza bila kumhoji, nikaandika maneno yake kama alivyoyatamka, wala sikumwahidi kwamba itabaki siri yetu. Mimi na mwalimu mkuu tulimfikishia taarifa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Baadaye ndugu walikuja wakiomba yaishe kifamilia, na hapo ndipo mwalimu anapohitaji kusimamiwa na uongozi wake, kwa sababu peke yake hawezi kuhimili shinikizo la ukoo mzima.

Matroni wa basi la shule, Kinondoni
Shikamooni walimu. Sisi tunaona namna mtoto anavyopokelewa mlangoni, jambo ambalo ninyi hamlioni. Kuna mvulana aliyekuwa akinishika mkono kwa nguvu kila tulipokaribia kwao, nikamweleza mwalimu wa malezi naye akalifuatilia. Naomba nasi tuitwe kwenye mafunzo.

Mwalimu, Gongo la Mboto
Je, ni sahihi kumwita mzazi kwanza?

Mleta mada
Marahaba, dada yangu, na ombi lako ni la haki kabisa. Mwalimu wa Gongo la Mboto, ikiwa anayeshukiwa anaishi na mtoto au ni ndugu wa karibu, kumwita mzazi kwanza kunaweza kumpa mhusika nafasi ya kumtisha mtoto au kumhamishia mkoani. Zungumza na mwalimu mkuu, kisha taarifa iende kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto nayo hupigwa bure. Panapohisiwa ubakaji au ulawiti, mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla hajaonwa na daktari, na afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72.