Drawable kuwa Bitmap: njia ipi inafaa kwa simu za kawaida?

mwalo_kibirizi
Habari za kazi wakuu. Nipo Kigoma, naandika apu ya Android kwa Kotlin kwa ajili ya wafanyabiashara wa dagaa hapa mwalo wa Kibirizi. Mtu anapiga picha mzigo wake, apu inagonga muhuri wa daraja la ubora kwenye kona, kisha picha inatumwa kwa mnunuzi aliyeko Dar au Dodoma. Picha ni Bitmap (pikseli zilizofunguliwa kwenye RAM), muhuri ni Drawable (kitu chochote ambacho Android inaweza kukichora). Nimeona njia tatu za kuugeuza muhuri:
1. kuilazimisha Drawable iwe BitmapDrawable na kuchukua Bitmap iliyomo;
2. kutengeneza Bitmap tupu na kuuchora muhuri juu yake kwa Canvas (turubai ya kuchorea);
3. fanksheni ya toBitmap ya core-ktx, maktaba ya nyongeza za Kotlin.

Watumiaji wengi wana simu za RAM ya GB 2. Mngechagua ipi?

fundi_ujiji
Ya kwanza iache kabisa, ndugu yangu. Inakubali pale tu muhuri ukiwa picha ya pikseli kama PNG au JPEG. Siku ukiweka faili ya vekta (mchoro wa mistari, si pikseli), kinachorudi ni VectorDrawable, na apu inajifunga papo hapo kwa ClassCastException, kosa la aina kutolingana. Ikoni za apu nazo ndiyo hivyo hivyo: tangu Android 8.0 nyingi ni AdaptiveIconDrawable. Njia ya 2 na ya 3 kwa vekta ni kitu kimoja, maana toBitmap nayo inatengeneza Bitmap na kuchora kwa Canvas. Nenda na ya 3, ila taja upana na urefu. Vekta ya dp 24 (dp ni kipimo cha skrini cha Android) kwenye skrini ya xhdpi, yenye pikseli 2 kwa kila dp, inatoka pikseli 48 tu. Ukiivuta ikae juu ya picha kubwa, maandishi ya muhuri hayasomeki.

dada_kotlin
Naongezea kwa fundi. toBitmap ikipewa BitmapDrawable ya ukubwa uleule, haitengenezi nakala, inakurudishia Bitmap ileile iliyomo ndani. Ukiiita recycle (kuifuta kwenye RAM), umeua na picha inayoonekana kwenye skrini. Na ColorDrawable haina ukubwa wake, upana wake ni -1, kwa hiyo usipotaja vipimo utapata kosa.

nyuki_tabora
Mimi nipo Tabora, nina apu ya warina asali kwa Flutter, mfumo wa kuandika apu kwa lugha ya Dart. Huku mchanganyiko ni mwingine: Uint8List ya faili ni baiti za JPEG zilizobanwa, ui.Image ni pikseli zilizofunguliwa, na Image ya skrini ni wijeti tu. Kuna pia pakiti ya image yenye Image yake, nayo inafungua picha kwa Dart tupu. Kwenye simu dhaifu skrini inaganda, isipokuwa uipeleke kwenye isolate (kazi ya pembeni isiyozuia skrini). Mimi natumia instantiateImageCodec na targetWidth ili picha ifunguke ikiwa imepunguzwa, nachora kwa PictureRecorder. Kasoro yake ni kwamba toByteData haitoi JPEG, inatoa PNG au pikseli ghafi, na PNG ya picha ya kamera ni nzito kuituma.

mzee_wa_pikseli
Mwanangu wa Kibirizi, muhuri usikusumbue, hauhitaji kuugeuza. Drawable inajua kujichora yenyewe. Fungua Canvas juu ya Bitmap ya picha, upe muhuri setBounds ya kona unayotaka, kisha uite draw. Basi. Vekta inachorwa kwa ukubwa halisi wa mahali pake, haina ukungu, wala huna Bitmap ya pili.

Mzigo wenyewe ni picha ya kamera. Pikseli 4000 kwa 3000 ni milioni 12, na ARGB_8888 (mpangilio wa kawaida wa rangi) inakula baiti 4 kila pikseli: MB 48 kwa picha moja, hata kama faili ya JPEG ni MB 3. Kabla ya kuifungua weka inSampleSize iwe 4 (kila upande unagawanywa kwa 4), upate 1000 kwa 750, yaani MB 3 hivi. Hapo hapo weka inMutable iwe true, la sivyo Canvas itaikataa Bitmap hiyo.

mwalo_kibirizi
Shikamoo mzee, hili la kuchora moja kwa moja limenipunguzia kazi kubwa. Swali dogo: skrini ya kuhakiki nimeiandika kwa Compose, maktaba ya Android ya kujengea skrini, nayo inataka ImageBitmap, aina yake ya picha. Naingia gharama nyingine?

dada_kotlin
Hapana. asImageBitmap inaifunika Bitmap ileile, haikopi pikseli. Kama unataka kuonyesha muhuri peke yake, tumia painterResource, usipitie Bitmap.

mzee_wa_pikseli
Marahaba. Angalia na mwelekeo. BitmapFactory, inayofungua faili kuwa Bitmap, haisomi Exif (taarifa za ndani ya faili, ukiwamo mwelekeo), kwa hiyo picha iliyopigwa simu ikiwa wima inaweza kufunguka imelala, na muhuri ukaangukia kona isiyo yake. Soma nyuzi za mzunguko kwa ExifInterface, izungushe Bitmap kwa Matrix, ndipo ugonge muhuri. Ukihifadhi kwa compress, tumia JPEG ya ubora wa 80 hivi. Kwa PNG ile namba ya ubora haifanyi kitu.