Pilipili mbuzi ya ndani inababuka majani, nipo Tanga, naombeni msaada

binti_ngamiani:
Habarini wakuu, poleni na majukumu. Naombeni msaada maana mche wangu unakufa huku nauangalia na roho inaniuma kweli. Nina pilipili mbuzi nimeiotesha ndani, nakaa chumba cha ghorofani huku Ngamiani hakuna uwanja wala pa kuweka kitu, chini kuna kuku wa majirani hawabakishi jani, kwa hiyo ndoo yangu ya lita 10 ipo dirishani inapata jua la asubuhi mpaka kama saa nne hivi, jioni nawasha taa ya LED ya wati 9 iliyopo darini. Mbegu nilitoa kwenye pilipili ya sokoni, ikaota ikapanda vizuri mpaka imefika gotini, kila anayeingia ndani anaulizia.

Sasa tangu hii kaskazi ianze majani ya chini yanakauka kuanzia kwenye ncha, ukahawia unatambaa ukingoni mwa jani halafu linadondoka. Ya juu, yale machanga, yanatoka ya njano ila mishipa imebaki kijani. Maua yalitoka machache yote yakapukutika. Na kinachonichanganya zaidi, mchana mche unalegea kabisa wakati udongo una maji, nikiingiza kidole nakuta unyevu upo.

Udongo ni ule mwekundu wa Muheza nimechanganya na makumbi ya nazi yaliyopondwa (nililetewa kutoka Pangani kwa shangazi yangu, kule wanasokota kamba) na majivu ya jikoni. Maji namwagia ya kisima cha hapa hapa nyumbani, kila asubuhi. Mbolea naweka NPK 17-17-17 kijiko cha chai kila wiki. Ndoo ina matundu chini na inakaa kwenye beseni maji yasichafue sakafu. Halafu juu ya udongo pametanda kitu cheupe kama ukungu, na kwenye ukingo wa ndoo pia.

Ni ugonjwa gani huu? Kuna mtu kaniambia niongeze urea, niweke?

kijana_wa_shamba:
Majani ya njano ni njaa hiyo dada, mmea unaomba naitrojeni. Weka urea kijiko kimoja kwenye maji lita 5 mwagia, ndani ya wiki utaniambia.

Mama Kitalu:
Mwanangu usiweke hiyo urea tafadhali, utaumalizia mbali mche. Na wewe kijana usiwe na haraka, angalia kwanza njano iko wapi. Mmea ukikosa naitrojeni unaivuta kutoka majani mazee unaipeleka juu kwa machanga, kwa hiyo jani la chini ndo linapauka lote zima, mishipa na kila kitu, huku kileleni bado kijani. Huyu mwenzetu kasema ya chini yanaungua pembeni na ya juu ndo ya njano. Hiyo sio njaa ya naitrojeni. Na urea ni 46% naitrojeni, kwenye ndoo ya lita 10 ambayo tayari imejaa mbolea ni kumuunguza mizizi tu.

Mie nina kitalu huku Pongwe na hii kesi naijua kwa kuiona, wanaleta sana watu wa mjini hasa wanaokaa karibu na bahari. Fanya hivi, chukua hicho cheupe kwa ukucha ukisugue katikati ya vidole. Ukungu ni laini unasagika na ukiuangalia vizuri una nyuzinyuzi, chumvi inakwaruza na ukiidondoshea maji inayeyuka inapotea. Mie nakwambia kabla hujajaribu, hiyo ni chumvi.

Hesabu mwenyewe inapotokea. Shangazi yako anasokota kamba, maana yake yale makumbi yalifukiwa pwani. Ndivyo usumba unavyopatikana, makumbi yanafukiwa kwenye tope la ufukweni pale maji yanapopanda na kushuka, yanakaa humo miezi mpaka yaoze nyama zitoke, ndipo yapondwe zibaki nyuzi. Bahari imeingia humo muda wote huo. Kwa kamba hakuna neno, kwa mche ni sumu, na makumbi yana tabia ya kuishika chumvi usipoyasuuza yasuuzike. Halafu juu yake unamwagia maji ya kisima cha mjini, na visima vingi vya ukanda huu vina ukali wa chumvi, kaskazi ikipiga mvua hakuna ndo vinazidi. Halafu NPK nayo ni chumvi ile, mbolea nyingi za dukani za chembechembe ni chumvi. Halafu maji yanayochuruzika yanakaa kwenye beseni na udongo unayanywa tena kwa chini. Maji yanaondoka kwa jua, chumvi inabaki. Kila siku unaongeza, haitoki.

Ndo maana unalegea udongo ukiwa na maji. Chumvi ikizidi kwenye udongo inayashikilia maji, mizizi inavuta haipati, mche una kiu na maji yako pale pale. Na ile chumvi inayofanikiwa kupanda inasafiri na maji mpaka mwisho wa jani, maji yanatoka kama hewa yenyewe inabaki ncha na ukingo, inajazana inaunguza. Jani zee limepokea nyingi kwa hiyo linaanza lenyewe.

mhandisi_usagara:
Naunga mkono mama, niongezee namba kidogo kwa wanaopenda namba. Pilipili sio mmea mgumu kwenye chumvi, jedwali la FAO linaonyesha maji ya kumwagilia yakifika EC 1.0 (EC ni kipimo cha ukali wa chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, hapa kwa dS/m) ndo mwisho wa kupata mavuno kamili, yakiwa 1.5 unapoteza kama 10%, yakifika 3.4 umepoteza nusu. Maji ya bahari yako kwenye 50 hivi ili ujue ukubwa wake. Kama una rafiki anayefanya biashara ya kuchuja maji ya kunywa muazime kile kipimo cha TDS cha kalamu, kinachosoma vitu vilivyoyeyuka kwenye maji kwa ppm (kama miligramu kwa lita), EC 1.0 inasoma ppm 500 mpaka 640 kutegemea kipimo kimetengenezwaje. Pima ya kisima, halafu pima yanayotoka chini ya ndoo. Yanayotoka chini yakiwa makali mara nyingi kuliko unayoingiza, jibu umepata bila kubishana na mtu.

Maji ya bomba hapa Tanga yanatoka mto Zigi, bwawa la Mabayani, ni maji baridi hayo. Jaza dumu yanapotoka, weka kwa ajili ya mche tu, pilipili moja haimalizi dumu kwa wiki.

binti_ngamiani:
Mama shikamoo, na ahsanteni sana wote. Nimekisugua, kinakwaruza kabisa kama mchanga mwembamba na nilipoweka tone la maji kikapotea. Kipimo nimepata kwa jamaa anauza maji mtaani kwetu, kisima kimesoma 870, yanayotoka chini ya ndoo namba imepita 3000.

Sasa naomba kuuliza, nausafisha vipi bila kuung'oa? Na yale majani ya juu ya njano yenye mishipa kijani ni chumvi hiyo hiyo au kuna kitu kingine? Kuna mama mmoja jirani kaniambia nichomeke misumari yenye kutu.

Mama Kitalu:
Marahaba mwanangu. Hongera kwa kupima, wengi hawapimi wanabaki kupiga ramli.

Kusafisha: kwanza uuinamishe mche taratibu, uitoe ndoo uangalie mizizi, shikilia shina karibu na udongo usilivute. Mizizi mieupe au ya rangi ya krimu na migumu, mche utapona. Ya kahawia inayovutika ganda na kubaki uzi, na inanuka, hiyo imeoza na itabidi uikate. Ikiwa mizima rudisha, ongeza matundu ya ndoo yawe hata nane, ya upana wa kidole kidogo, kisha peleka bafuni. Mwagia maji ya bomba lita 20, sio kwa mpigo, mwaga kopo, subiri yapite, mwaga tena. Maji ya mwanzo yatatoka rangi ya chai ya rangi, endelea, pima yanayotoka mpaka namba ishuke ikaribie ile ya bomba. Fanya asubuhi mapema ili kama kuna mizizi dhaifu ipate hewa mchana kutwa. Beseni usilirudishe chini yake, weka matofali mawili chini ya ndoo maji yapite moja kwa moja.

Baada ya hapo usimwagie tena mpaka kidole kikizama nusu kiguse pakavu. Kumwagia kila siku ndo kunaziba hewa ya mizizi. Mbolea sahau mpaka uone majani mapya mazuri, ukirudi rudi na robo kijiko iliyoyeyushwa kwenye maji.

Kama una moyo wa kuanza upya kwenye udongo mwingine mie ningependelea hivyo, maana makumbi ya pwani hata ukisuuza hayaachi yote. Tumia udongo mwekundu na samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, hapa Tanga samadi sio tabu watu wanafuga ng'ombe wa maziwa kila kona, ila iliyooza, ukishika isiwe na joto wala harufu ya mkojo. Mchanga wa kulegeza chukua wa mtoni, wa ufukweni usiguse.

afisa_kilimo_mstaafu:
Niruhusuni nijibu hili la njano ya juu. Hiyo ni upungufu wa chuma, na mara nyingi chuma kipo humo humo kwenye udongo isipokuwa kimefungwa. Chuma hakihami kutoka jani zee kwenda jipya, kwa hiyo dalili inaanzia kileleni, jani linakuwa njano na mishipa inabaki kijani kama ramani. Kinachokifunga ni pH kupanda, yaani udongo kupoteza tindikali, na wewe umeweka majivu. Majivu ni kama chokaa, yanapandisha pH. Maji ya visima vya hapa nayo yanapita kwenye mawe ya chokaa, ukanda wetu huu una chokaa nyingi, mapango ya Amboni ni chokaa hiyo hiyo, kwa hiyo ukimwagia kila siku na hayo unazidi kupandisha. Mizizi ikikosa hewa kwa maji mengi tatizo linakuwa kubwa zaidi. Udongo wa Muheza peke yake hauna shida hiyo, kwa kawaida uko upande wa tindikali.

Misumari yenye kutu haisaidii. Kutu ni chuma tayari, ila ni chuma kisichoyeyuka kwenye pH ya namna hiyo, udongo wako mwekundu wekundu wake ndo chuma chenyewe na bado mche hauupati. Acha majivu, badili maji, pH itashuka. Ukitaka haraka maduka ya pembejeo wanauza mbolea ya majani yenye chuma cha EDTA (chuma kilichotengenezwa kibaki kimeyeyuka), nyunyizia jioni kwa kipimo cha kwenye pakiti, usizidishe. Ukiona jani jipya kabisa linatoka kijani umeshinda, yale ya njano yanaweza kurudi kidogo, yaliyoungua ukingoni hayarudi, usiyahesabu. Kwa wenye bustani kubwa wanaosoma hapa, TARI Mlingano pale Muheza ndo kituo cha utafiti wa udongo, peleka sampuli upimiwe kabla ya kununua mifuko ya mbolea.

kijana_wa_shamba:
Nimeelewa wakuu, ya leo nimejifunza. Dada mimi naongeza moja tu, geuza majani uangalie chini. Ndani ya nyumba hamna mvua ya kuosha na kaskazi ni joto, utitiri unapenda sana. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, gonga tawi, subiri kidogo, ukiona vidoti vinatembea ndio wenyewe. Dawa ya kwanza ni maji ya nguvu chini ya majani kila baada ya siku chache, kisha mafuta ya mwarobaini na sabuni kidogo jioni.

Mama Kitalu:
Hapo umesema. Ila sabuni iwe ya kipande isiyo na manukato, ya unga wa kufulia hapana, na mche ukiwa umelegea kwa chumvi usiupulizie kitu chochote kwanza, usubiri usimame.

binti_ngamiani:
Nimegeuza majani, sijaona kitu kinachotembea. Nimeongeza matundu na maji yanapita vizuri, mizizi ni meupe mingi ila ya chini kabisa iliyokuwa inagusa beseni ni ya kahawia nimeikata. Na maua je, nayo ni chumvi?

afisa_kilimo_mstaafu:
Chumvi inachangia, ila angalia na joto na mwanga. Pilipili joto la mchana likipita nyuzi 32 na kuendelea huangusha maua, na chumba cha ghorofani chini ya bati wakati wa kaskazi kinafika hapo bila shida. Mchana fungua dirisha, ndoo ikiwa nyeusi izungushie kitambaa cheupe maana mizizi nayo inapikika. Taa ya wati 9 ikiwa darini haikusaidii chochote, mwanga unapungua haraka sana kwa umbali, ishushe iwe sentimita 20 juu ya kilele, au uache taa utafute dirisha lenye jua refu. Na kwa vile ndani hakuna upepo wala nyuki, ua likifunguka asubuhi ligonge kwa kidole taratibu, pilipili inajichavusha yenyewe ila chavua lazima idondoke. Maua ya sasa yakianguka yaache yaanguke, mche unajiokoa kwanza. Ukipata machipukizi mapya kijani ndo uanze kusubiri pilipili.