Tai wa msituni amenichukulia mwanambuzi wa pili: nifanyeje?

Mkazi wa Likoni: Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi naishi Likoni, lakini mbuzi wangu wamo katika shamba la marehemu baba huko Kwale, upande unaopakana na msitu wa Shimba. Mwezi huu nimepoteza wanambuzi wawili. Wa kwanza nilidhani ameliwa na mbwa. Wa pili nilimshuhudia akinyakuliwa na ndege mkubwa mwenye kishungi, kifua kina mabaka meusi, meupe na ya kahawia, aliyeshuka kimya kutoka kwenye mvule, akamkaba papo hapo, na kwa kuwa hakuweza kuruka naye mzima, alimchana vipande. Siku ya pili akarudi. Jirani ananihimiza nitege nyama yenye sumu. Shauri hilo halinipendezi, ila nina majike watatu wenye mimba.

Mchunga wa Kwale: Pole sana. Huyo ni tai mwenye kishungi, wala si mwewe wa kuiba vifaranga. Mabawa yake ni mafupi na mapana, na mkia ni mrefu, ndiyo maana hupenya baina ya matawi akiwawinda kima, tumbili, mbega, pimbi na paa wadogo. Jike huweza kupita kilo 4, na huua mnyama mzito kuliko yeye mwenyewe. Asichoweza kumaliza hukipachika mtini, akakirudia siku zinazofuata. Hebu utazame ule mvule vizuri.

Mkazi wa Likoni: Nimempigia mchungaji simu, akapanda. Mguu wa nyuma umebanwa kwenye panda, ukwato ukining'inia, na siafu wameshaufikia.

Bi Mwanamkasi: Basi uondoeni, asiwe na sababu ya kurudi. Sumu, mwanangu, usiiguse: itaua mbwa wako na kila atakayeonja nyama hiyo, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 itakukamata wewe, si jirani. Tena tai hawa huzaa polepole mno. Jike hutaga yai moja au mawili, huyaatamia siku 50 hivi, na yakianguliwa yote mawili, mkubwa humuua mdogo. Kinda huruka akiwa na miezi mitatu na nusu au zaidi, lakini huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi mingi, kwa hiyo jozi moja kwa kawaida hulea kinda mmoja kila baada ya miaka miwili. (Na tumbili wanaokumalizia mahindi, unadhani nani huwapunguza?) Wanambuzi wakizaliwa, wafungie katika banda lenye paa hadi wapate nguvu, na banda lenyewe ulisogeze karibu na nyumba.

Mchunga wa Kwale: Naunga mkono. Uiarifu pia ofisi ya wanyamapori ya Kwale, ili hasara iandikwe.

Mkazi wa Likoni: Ahsanteni. Mabati manane yamebaki kutoka kwenye jiko la mama. Jumamosi nitavuka na feri kwenda mjini kununua wavu wa waya, kisha niende Kwale kabla jike wa kwanza hajazaa.