Binti anakufa njaa, nanyi mnamwambia amependeza

Naandika nikiwa na hasira, na sitaomba radhi kwa hasira hiyo, kwa sababu nimeshuhudia kwa macho yangu jinsi watu wazima wenye akili zao, wakiwemo jamaa zangu wa damu, walivyomshangilia msichana aliyekuwa akiisha mbele yao. Mimi ni fundi cherehani hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na kwa miaka 19 nimeshona sare za shule, mabuibui na magauni ya harusi. Kazi hii hunipa nafasi ambayo hata mama mzazi hana tena mwanawe akishabaleghe: nazungusha futi kifuani, kiunoni na nyongani, naandika daftarini, na baada ya miezi kadhaa napima tena. Kwa miaka minne au mitano sasa, inchi zilizomo katika daftari hilo zinanitisha.

Zamani biharusi alikuja, nikampima, nikashona kwa kipimo chake na kuacha kitambaa kidogo ndani ya mshono, kwani sote tulijua kwamba akishatawishwa, yaani akiwekwa ndani kabla ya harusi, atalishwa na mwili utajaa. Nilipotawishwa mimi, mamangu aliniletea uji wa maziwa asubuhi, tende na samli mchana, samaki wa kupaka jioni. Nikasingwa mpaka nikang'ara, na shangazi zangu walipokuja kunitazama walisema nimenawiri. Siku hizi biharusi ananiambia nisifuate futi. Kiuno chake ni inchi 28, anataka gauni la 25, na anasema atakuwa ameshafika huko kabla ya siku ya harusi. Mama yake aliyekaa kando anaitikia. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa nashona.

Mmoja wa mabiharusi hao ni binti wa kakangu, mwenye umri wa miaka 21. Amenipa ruhusa niyaandike haya bila kumtaja jina, na amenisisitizia nisipunguze kitu.

Nilimpima mara ya kwanza mwezi wa Oktoba, akiwa msichana mwenye afya yake, kilo 54 kwa urefu wa mita 1.62. Alipokuja kujaribu gauni mara ya pili ilikuwa katikati ya kaskazi, wakati kila mtu anatafuta upepo barazani, lakini mikono yake ilikuwa ya baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Nilipokuwa nikimchomekea pini mgongoni niliziona pingili za uti wa mgongo moja moja, na mabegani palikuwa pameota malaika, yale manyoya laini kama ya kitoto kichanga. Sikujua wakati huo kwamba mwili ulioishiwa na mafuta huotesha malaika hayo. Nywele zake za kichwani zilibaki kwenye bitana, nikawa naziokota kwa vidole. Pini zilikuwa bado zimo kiunoni alipoomba kukaa. Akakaa juu ya mkeka, uso umemparama, akaniambia, "Shangazi, nipe dakika moja tu, naona kizunguzungu." Wifi yangu, mama yake, alilitazama gauni akasema, "Mashallah, sasa ndiyo limemkaa."

Simlaumu wifi yangu peke yake, maana neno lile halikuwa lake. Alikuwa akilisikia kila mahali. Katika kila kesha na kila maulidi mwanamke hupokewa kwa mwili wake kabla ya salamu kujibiwa: huyu amefura, yule kajiachia baada ya kuzaa, na huyu, hongera, amekonda, atupe siri yake. Tulikotoka, "umekonda" lilikuwa neno la kumpa mtu pole. Bibi yangu akimwona mtoto amepungua aliuliza nyumba nzima, "Hula nini mwana huyu?", na siku hiyo sufuria haikutulia. Leo neno hilohilo ni zawadi, na mpwa wangu alilipewa mara nyingi kiasi kwamba kila alipotaka kula alihofia kunyang'anywa.

Msiniambie kwamba sisi watu wa visiwani tuna mila zetu na hayo ni maradhi ya Wazungu. Visiwa vya Fiji, huko Bahari ya Pasifiki, navyo vilikuwa na mila zao. Huko mwili uliojaa ulihesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa, na mtu akipungua jamaa zake walishtuka. Televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker kutoka Marekani aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, kisha akawauliza wengine wa rika lao mwaka 1998. Mwanzoni hapakuwa na hata mmoja aliyejitapisha ili apunguze uzito. Baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 11.3, na asilimia 74 walisema kuna wakati hujiona wanene mno. Hiyo ilikuwa televisheni tu, iliyokaa sebuleni na kutazamwa na familia nzima. Mpwa wangu analala na simu chini ya mto, na katika simu hiyo kila picha imekwisha kuchongwa kiuno kabla haijamfikia. Ufaransa tangu mwaka 2017 imelazimisha matangazo ya biashara yenye picha ya mwanamitindo iliyopunguzwa au kuongezwa mwili yaandikwe wazi kwamba picha imerekebishwa. Sisi hata onyo hilo hatuna.

Sasa niwaeleze alivyofanya, kwa sababu mambo haya yanatendeka katika nyumba zenu pia na hamyaoni. Alianza kwa saumu za sunna, Jumatatu na Alhamisi, na sote tukamsifu kwa ucha Mungu. Magharibi alifungua kwa tende moja na maji, akasema ameshiba, akaingia chumbani kusali na hakutoka tena. Baadaye akafunga siku nyingine pia. Dini yetu imemruhusu mgonjwa kufungua, lakini nani angemwambia yeye ni mgonjwa ilhali kila aliyemwona alimpongeza? Usiku alichemsha sanamaki, ile ambayo wazee wetu waliinywa mara moja kwa nadra walipofunga choo, akainywa kila siku kwa miezi miwili. Daktari alimweleza baadaye kwamba alijitesa bure: sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na hapo chakula kimekwisha kunyonywa na utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji pamoja na chumvi za mwili, hasa potasiamu, ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila yake. Alfajiri alijifunga mifuko ya nailoni tumboni chini ya buibui na kutembea ufukweni mpaka Shela, mwendo wa dakika arubaini kwenda pekee, bila kitu tumboni. Jasho lile lilikuwa maji matupu, na lingerudi kwa bilauri mbili.

Hedhi yake ilikatika. Hapa ndipo hasira yangu inaponikaba koo, kwa sababu jambo la kwanza lililosemwa nyumbani kwa kakangu halikuwa kwamba mtoto anaumwa, bali kwamba ana mimba. Alipelekwa kupimwa kwa siri kama mwizi, biharusi wa watu, huku mama yake akilia na babake akikataa kumtazama usoni. Kipimo kilipoonyesha hakuna kitu, watu wakashukuru Mungu na kuendelea na shughuli za harusi. Hakuna aliyeuliza kwa nini basi damu imekatika. Mwili wenye njaa hufunga mlango wa uzazi kwanza ili uokoe kinachobaki, na homoni zikishuka mifupa nayo huanza kupungua, katika umri uleule ambao ilipaswa kuwa inakomaa.

Alipoanguka msalani mwishoni mwa Februari, kituo cha kwanza tulichompeleka kiliandika upungufu wa damu, kikampa vidonge vya madini ya chuma na kumrudisha nyumbani. Hakuna aliyempima uzito. Hakuna aliyemuuliza amekula nini tangu jana. Siku tatu baadaye daktari mwingine alimpandisha kwenye mizani: kilo 41. Aligawa kilo hizo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ndicho kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, akapata 15.6. Shirika la Afya Duniani linaanza kuhesabu upungufu wa uzito chini ya 18.5, na chini ya 16 ni wembamba uliokithiri. Mapigo ya moyo wake yalikuwa 44 kwa dakika, msichana aliyelala kitandani akiwa na mablanketi mawili katika joto lile. Daktari alituambia jina la maradhi, anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa kuogopa unene, na akatueleza kwamba ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, wengine kwa moyo kusimama, wengine kwa kujiua. Kisha akatuzuia tusimletee masufuria ya biriani yaliyokuwa tayari njiani, kwani mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa pupa chumvi za damu hushuka ghafla na anaweza kufa kwa kile chakula alichonyimwa. Alianza na vijiko.

Kuna jamaa waliokuja kumwangalia na kunong'ona kwamba ni ukaidi, apigwe kofi ale. Kwa hao nina jambo moja la kuwaambia. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mwanasayansi Ancel Keys aliwachukua wanaume 36, vijana wenye afya ya mwili na akili waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula kwa miezi sita mpaka wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Walianza kuhisi baridi wakati wote, wakawa wakali, wakajitenga na wenzao, na wakawa hawawazi kitu isipokuwa chakula. Baadhi yao walikesha wakisoma vitabu vya mapishi. Niliposoma habari hiyo nililia, kwa sababu mpwa wangu alikuwa akitazama video za mapishi hadi saa nane za usiku, akipikia nyumba nzima mahamri na mbaazi asubuhi, akiwaangalia wenzake wakila, na yeye haonji hata mchuzi wa mbaazi. Njaa yenyewe ilikuwa imeshika usukani wa akili yake. Kofi lingemsaidia nini?

Na nyinyi mnaouza. Chini ya godoro lake tulikuta pakiti ya vidonge vya "mitishamba" iliyomgharimu shilingi 1,500, haina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, imeuzwa na mwanamke mtu mzima anayesali nasi tarawehe. Dawa yoyote inayouzwa nchini Kenya inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Ile haikuwa na namba yoyote. Mnajua mnachowapa watoto wetu? Sibutramini, dawa ya kupunguza uzito, iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na hata baada ya hapo wakaguzi wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya vidonge vya kupunguza mwili vinavyotangazwa kuwa vya mitishamba. Sisemi kwamba imo katika pakiti yenu. Nasema muuzaji mwenyewe hakuweza kunijibu nilipomuuliza kuna nini ndani, na alikuwa amekwisha kuchukua pesa za mtoto.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema kwamba tatizo letu ni unene, kisukari na presha, na kweli maradhi hayo yamo katika kila mtaa, mamangu mwenyewe anameza dawa ya presha. Mtu aliyeambiwa na daktari wake apunguze uzito afuate ushauri huo. Lakini msichana wa kilo 54 hakuwa na kitu cha kupunguza, na kumtisha kwa maradhi ya nyanya yake ni kumdanganya.

Wala msiuite wembamba ule ukakamavu. Watazameni wanaume wanaopakua boriti na mawe pale gatini, muone sahani zao za wali saa sita mchana. Nguvu hutoka kwenye misuli, na mwili usiolishwa huila misuli yake wenyewe, moyo ukiwemo. Wataalamu wanataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki. Matembezi ya kwenda Shela na kurudi mara mbili kwa wiki yanazitimiza, kwa aliyekunywa chai na kula mkate wa mofa. Ningefurahi kuona wasichana wetu wakiogelea, wakikimbia, wakibeba vitu vizito. Wavulana wana kiwanja na wana bahari, na wakivua mashati hakuna anayewauliza kitu. Wasichana tumewapa nini zaidi ya mizani na kioo? Kama kuna mwenye ua mkubwa wenye kuta na yuko tayari kuufungua jioni mbili kwa wiki kwa ajili yao, aniambie, nitakuja kufagia mwenyewe.

Harusi imeahirishwa. Kijana na watu wake wamekuwa waungwana, wamesema watangoja. Mpwa wangu sasa ana kilo 46, bado hajafika panapotakiwa, na bado kuna siku analia mbele ya sahani. Gauni lile la inchi 25 nimelifumua lote, lesi nimeikunja kabatini, na nitalishona upya siku atakayokuwa tayari, kwa kipimo cha siku hiyo. Kuanzia sasa mama yeyote atakayeniletea binti pamoja na kipimo ambacho binti huyo hana, nitamrudishia kitambaa chake papo hapo mlangoni.