Anayesema Amazon wakipunguza watu kodi ya nyumba Seattle itashuka, aje Kent alipe ya kwangu

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa povu, mwenye presha apite pembeni. Tangu Amazon watangaze Oktoba 2025 kwamba wanapunguza watu 14,000, magrupu ya WhatsApp hayanipi pumzi. "Kaka, tumesikia huko Seattle watu wanafukuzwa kazi, si nyumba sasa zitakuwa bei chee?" Mmoja yuko Mwanza, mwingine Sharjah, na yupo mchumi wetu mmoja ambaye kanitumia sauti ndefu kama hotuba ya bajeti: ajira zikipungua wapangaji wanapungua, wapangaji wakipungua bei inashuka. Kamaliza, kaaga.

Mimi hapa Kent, kusini ya Seattle, nimeletewa barua ya mwenye nyumba. Ya siku 90, kama sheria inavyotaka. Vyumba viwili, kodi inatoka dola 1,950 kwenda 2,135. Chini yake kuna vile vidubwasha vyao: taka, maji ya kugawana na jengo zima, maegesho, na ada ya "huduma" isiyosema huduma gani. Sasa toka nje getini. Juu ya ua pamefungwa bango jipya linalong'aa: WIKI SITA BURE KWA WAPANGAJI WAPYA. Jengo hilo hilo, ngazi hizo hizo zenye taa mbovu. Mimi ninayelipa kila tarehe mosi naongezewa dola 185 kwa mwezi, na anayekuja kesho anapewa mwezi na nusu wa dezo.

Nikaenda ofisini kwao. Binti wa pale ni mpole, sina ugomvi naye. Akasema bei hapangi yeye, inatoka kwenye mfumo. Nikamuuliza, je nikihama leo nikarudi kesho kama mpya, nitapata hizo wiki sita? Akacheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli.

Mchumi wetu nimjibu hapa hapa. Jengo la kupangisha Marekani linathaminiwa kwa kodi iliyoandikwa kwenye mikataba. Mwenye jengo ana mkopo, na benki inaangalia karatasi hizo hizo. Akiandika 1,800 badala ya 1,950, thamani ya jengo zima imeshuka na mkopo unaanza kumkaba. Akiacha 1,950 kwenye karatasi halafu akamwachia mgeni wiki sita, karatasi inabaki safi. Kwa hiyo soko likilegea, kinachoanza kushuka ni ofa ya mgeni. Mwenyeji anaongezewa, kwa sababu wanajua kuhama ni gharama: dipoziti mpya, ada ya maombi kila unapogonga mlango, lori, watoto kubadili shule. Wanakokotoa kabisa utavumilia mpaka wapi. Na hesabu hizo siku hizi zina programu zake. Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua kesi Agosti 2024 dhidi ya RealPage, kampuni ya programu inayowapendekezea wenye nyumba bei, ikidai inachanganya taarifa za siri za washindani. Majimbo kadhaa yaliungana na kesi hiyo, likiwemo hili letu la Washington.

Turudi nyuma kidogo, maana kuna wanaodhani Seattle ilizaliwa ghali. Mwaka 2010 Amazon walikuwa na wafanyakazi kama 5,000 mjini hapa, ndiyo kwanza wanahamia South Lake Union, mtaa ulio kando ya katikati ya jiji. Kufika 2017 walikuwa zaidi ya 40,000, kwenye majengo 33. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 608,660 ndani ya jiji, ya 2020 ikahesabu 737,015. Na hao wapya wengi wao ni watu wa mishahara minono pamoja na hisa, hisa zikipanda anaingia kununua nyumba kwa fedha taslimu. Wakati huo huo karibu robo tatu ya ardhi ya makazi ya jiji ilikuwa imetengwa kwa nyumba ya familia moja tu. Ghorofa marufuku.

Hapa Amazon peke yake simlaumu. Kuna wale wazee wastaarabu wa mitaa ya kaskazini, bustanini wamechomeka kibango cha kukaribisha wakimbizi kwa lugha tatu, lakini ukileta mpango wa ghorofa nne mtaani kwao wanakuja kwenye kikao na mawakili. Wakimbizi karibuni, ila mkalale Kent. Jimbo lilikuja kupitisha sheria ya kuruhusu nyumba nne kwenye kiwanja kimoja katika miji mikubwa mwaka 2023, farasi ameshatoka bandani zamani.

Central District, mtaa wa Wamarekani weusi, mwaka 1970 weusi walikuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi. Leo hawafiki hata moja ya tano. Wahabeshi, Wasomali na sisi Waswahili tuliokuwa tumejibanza Rainier Valley, ndani ya Seattle, tukasogea Tukwila, kisha SeaTac, kisha huku. Sasa treni nayo imetufuata, kituo cha Kent Des Moines kimefunguliwa Desemba 2025. Treni naipenda, nisieleweke vibaya, lakini matangazo ya nyumba yameshaanza kuandika "jirani na stesheni" na bei zake ni za ujirani huo.

Jiji lilijaribu mara moja kujitutumua. Mei 2018 madiwani wote tisa walipitisha tozo ya dola 275 kwa kila mfanyakazi, kwa kampuni kubwa, fedha ziende kwenye nyumba na watu wasio na makazi. Amazon walishasimamisha mipango ya jengo lao moja kabla hata kura haijapigwa. Haukupita mwezi, Juni 12, madiwani wale wale wakaifuta kwa kura 7 kwa 2. Ikaja tozo nyingine ya mishahara minono mwaka 2020, hiyo ikasimama. Ila angalia mchezo: inategemea mishahara na hisa za watu hao hao wa teknolojia, kwa hiyo 2024 makusanyo yakaja chini ya makadirio, na sehemu kubwa ya fedha zilizokusudiwa nyumba ikaenda kuziba pengo la bajeti ya jiji. Hata mfuko wa kutuokoa unaugua siku ambayo Amazon anapiga chafya.

Sasa tuongelee kushuka, maana ndiko mnakonichokoza.

2020 ofisi zikafungwa. Kodi katikati ya jiji zikaporomoka kweli, hilo sikatai. Huku kusini? Hatukuona kitu. Aliyeambiwa afanyie kazi nyumbani aliacha kichumba chake cha South Lake Union akaja kutafuta chumba cha ziada cha kuweka meza, Renton na Kent. Yaani waliohama huko wakaja kutubana huku. 2022 hisa za Amazon zikaanguka karibu nusu, Januari 2023 wakatangaza kupunguza 18,000 na Machi wengine 9,000. Microsoft nao 10,000. Riba ikapanda na winchi za ujenzi zikaanza kuondoka moja moja. Hapo ndipo pa kukazia macho. Ghorofa huchukua miaka kutoka kibali mpaka ufunguo. Yaliyofunguliwa 2024 yalianzishwa enzi za fedha rahisi, na yasiyoanzishwa 2023 ndiyo hatutayaona huko mbele. Ajira zikirudi, wanakuta hakuna nyumba mpya, na barua zinaanza tena. Kipindi cha msoto ndipo ongezeko la kesho linapopikwa, ila anayelisikia harufu ni mpangaji tu.

Na huu wa sasa hata msoto kamili sio. Kati ya wale 14,000, wa jimbo hili ni kama 2,300. Faida wanapata, fedha wanazimwaga kwenye akili mnemba, na waliobaki walishaamriwa tangu Januari 2025 warudi ofisini siku tano kwa wiki. Aliyekuwa anajificha mbali anatafuta tena nyumba karibu. Unatarajia kodi ishuke wapi hapo?

Najua kuna mjuvi atakuja na mfano wa 1971. Boeing walikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000 eneo hili, miaka michache baadaye hawafiki 40,000. Madalali wawili wa nyumba wakaweka bango karibu na uwanja wa ndege: mtu wa mwisho kuondoka Seattle azime taa. Ndiyo, nyumba zilishuka bei. Ili zishuke ilibidi mji mzima ukae bila kazi. Na leo ukikaa bila kazi nani anaanza? Sisi tunaendesha teksi za programu, tunasafisha ofisi, tunalea wazee, tunabeba mizigo maghala ya bonde la Kent. Dada mmoja Mkenya hapa jirani ana leseni ya kulea watoto nyumbani kwake. Familia mbili za watu wa IT zilipopunguzwa kazi, watoto wakaondolewa wiki hiyo hiyo. Na yeye ana barua ya kuongezewa kodi kama yangu.

Hao waliopunguzwa nao wanakuja wapi? Wanakuja huku, kwenye nafuu. Jengo la ng'ambo amehamia kijana wa Kihindi, alikuwa kwenye vile vikwangua anga vya kati, viza yake inampa siku 60 apate mwajiri mwingine au afungashe. Namhurumia, hana usingizi. Lakini ana akiba, na alama za krediti zake, zile za rekodi ya kulipa madeni, ziko mbinguni. Mkongo aliyeletwa na mpango wa wakimbizi hana hata historia ya krediti. Wakituma maombi chumba kimoja, nani anapewa?

Na hilo la maombi tulipigie hesabu, maana watu wa nyumbani mnadhani tunadeka. Ni kweli hapa hatulipi kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama Dar. Badala yake wanataka kipato mara tatu ya kodi. Mara tatu ya 2,135 ni 6,405 kwa mwezi. Kima cha chini cha jimbo mwaka huu wa 2026 ni dola 17.13 kwa saa. Mume na mke wakifanya kazi saa 40 kila wiki bila kuugua, wanapata kama 5,940 kabla ya makato. Hawapiti. Kwa hiyo ningeomba leo nyumba ninayokaa mwenyewe, kwa mshahara wa namna hiyo wangenikataa.

Sheria ipo, tusiseme haipo. Tangu 1981 miji ya jimbo hili ilikatazwa kabisa kuweka kikomo cha kodi. Mei 2025 gavana Bob Ferguson akasaini sheria iitwayo HB 1217: ongezeko lisizidi asilimia 7 juu ya mfumuko wa bei, na kwa vyovyote lisizidi 10 kwa mwaka. Majengo mapya yameachwa nje kwa miaka 12 ya mwanzo. Langu mimi ni asilimia 9.5 hivi. Wanajua kuhesabu.

NYONGEZA baada ya kusoma maoni:

Wa "rudi Bongo", nimekusikia mkuu, ongeza sauti.

Wa "nunua nyumba acha kulialia": nyumba ya kawaida Kent ni zaidi ya nusu milioni ya dola, riba asilimia 6 na kitu. Nitumie kianzio, nitakuandika kwenye hati.

Aliyeuliza kama mpangaji wa zamani anaweza kudai ofa ya mgeni: sheria haiwalazimishi. Lakini kuna kipengele cha HB 1217 ambacho wengi humu hamkijui. Nyumba moja haiwezi kuwa na bei mbili zilizoachana zaidi ya asilimia 5 kati ya mkataba wa mwaka na wa mwezi kwa mwezi. Na kuna majengo bado yanawatishia watu kwa bei ya mwezi kwa mwezi iliyo juu sana, ili wasaini mwaka haraka bila kusoma. Kama uko Kent, Renton, Tukwila au Federal Way na barua yako ina bei hizo mbili, funika jina na namba ya mlango, uipige picha uitupie hapa au njoo PM. Na usisaini kwanza.